Fundi wa ethi Mikindani: nampa nyota nne kati ya tano

Kama una betri ya sola nyumbani hapa Mtwara na aliyekufungia hakupima ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, mtafute fundi huyu. Yuko Mikindani, ana leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, na anakuja na vipimo vyake mwenyewe.

Nauza samaki wa barafu. TANESCO wakikata, friza zangu zinategemea inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, na betri ya lithiamu ya volti 48. Waliofunga mwanzo walichimbia rodi (fimbo ya chuma) ya ethi ya paneli peke yake, mbali na ethi ya nyumba, na waya wa kijani na njano wa boksi la betri wakaukaza juu ya rangi. Huyu alikwangua rangi mpaka bati likang'aa, kisha akaunganisha fremu za paneli, inveta, boksi na ethi ya nyumba kwenye baa moja ya shaba. Radi ikipiga karibu, rodi zisizounganishwa zinakuwa na volti tofauti, na tofauti hiyo hupitia kwenye vifaa vyako.

Ila kilichonishika ni RCD, ile swichi ya miliampu 30 inayokata umeme ukivuja. Kitufe chake cha kujaribia kilikuwa kinakata kila kikibonyezwa. Fundi akazima meni swichi, betri ikashika, akachomeka kwenye soketi kipimo kinachovujisha umeme kidogo kwenda ethi. Haikukata! Kumbe kitufe hakigusi ethi kabisa, hupitisha umeme kati ya laini (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudishia umeme) tu. Inveta yangu ikijitenga na umeme wa TANESCO, nyutro yake inaachana na ethi. Umeme unaovuja unakosa njia ya kurudi, swichi haioni kitu. Na kijana wangu hufungua friza hizo pekupeku, mikono imelowa. Kwenye inveta kuna mpangilio wa kuunganisha nyutro na ethi wakati wa betri pekee, nao ulikuwa umezimwa. Akauwasha, akapima tena, ikakata papo hapo.

Mchanga wetu wa pwani haushiki ethi vizuri, omu, yaani kipimo cha ukinzani wa ethi, zilikuwa juu. Akaongeza rodi nyingine na kuziunganisha. Kaahidi kurudi Oktoba, ardhi ikiwa imekauka, apime tena.

Bei yake iko juu kidogo, sina neno. Nyota moja nimempunguzia kwa sababu ya karatasi ya vipimo: alinitajia kwa mdomo, mpaka nikamwomba aandike. Idai karatasi hiyo kabla hujamlipa.