Lenzi ya kukuzia ya shilingi 12,000: nilivyoijaribu kwa nondo na mbawakawa

Lenzi hii ndogo, inayokunjwa ndani ya kifuniko chake cha chuma, niliinunua katika duka la vifaa vya shule hapa Dodoma mjini kwa ajili ya wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza. Niliijaribu kwa wadudu wawili: nondo niliyemwokota chini ya taa nilipokwenda Itigi kuuona msitu wake wa vichaka, na mbawakawa wa majani aliyekuwa akitoboa majani ya maboga nyuma ya nyumba yangu.

Nianze na kasoro. Boksi linadai kwamba lenzi inakuza mara 30, na hilo si kweli. Lenzi ya mara 30 haionyeshi vizuri mpaka kitu kiwe umbali wa milimita 8 hivi, ilhali hii huonyesha vizuri kwenye sentimita 2.5, ambao ndio umbali wa lenzi ya mara 10. Nilipomrudia muuzaji, alijibu kwamba maboksi yote huja hivyo. Mwalimu anayetoa fedha mfukoni mwake anastahili kuambiwa ukweli.

Hata hivyo, kioo chenyewe ni safi sana. Ukiishika lenzi karibu kabisa na jicho, kisha ukamsogeza mdudu, bawa la nondo ambalo kwa macho matupu ni kama limepakwa unga wa kahawia huonekana limeezekwa magamba madogo yaliyolaliana kama vigae, na ule unga unaobaki vidoleni ni magamba hayo hayo. Mabawa ya mbele ya mbawakawa, kwa upande wake, yamekuwa maganda mawili magumu yanayokutana kwa mstari ulionyooka mgongoni. Nilipoyainua kwa sindano niliyakuta mabawa ya kurukia yamekunjwa chini yake, membamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu.

Mdomoni tofauti ni kubwa zaidi, kwani nondo ana mrija uliojiviringa na mbawakawa ana taya. Mwanafunzi mmoja akauliza, kwa haki kabisa, nondo huharibuje majani bila taya. Nikamwonyesha kiwavi, yaani nondo kabla hajawa na mabawa, ambaye taya anazo.

Lenzi ilishindwa kwenye wayo wa mbawakawa tu. Huonekana una pingili nne, kumbe ziko tano: ya nne ni ndogo mno na imejificha, na kuiona kulihitaji darubini ya maabara. Nimerudi kununua lenzi nyingine nne.