Lord of the Flies: Kiingereza cha shuleni kinachomtega msomaji

Sarufi ya riwaya hii ya William Golding (1954) si ngumu. Kinachokwamisha ni misimu, yaani lugha ya vijiweni, ya wavulana Waingereza. “Wizard” hapa si mchawi, ni “safi sana!”, na “wacco” vilevile. “Sucks to your ass-mar” usiisake kamusini: Ralph, mmoja wa wavulana wa riwaya, anaigiza mwenzake Piggy anavyotamka “asthma”, yaani “potelea mbali na pumu yako”. Matamshi hayo pia yanamtenga Piggy kitabaka, jambo linalompita anayesoma mbiombio. Angalia hasa “pax”, neno la Kilatini ambalo watoto walilitumia kuomba mchezo usimame. Ralph analiwaza huku akiwindwa na wenzake kwa mikuki, na ndipo linapochoma. Kamusi ya mfukoni haitoshi. Nunua toleo lenye maelezo ya maneno.