Tabak Especial: Dulce au Negra?

Sigaa hizi mbili zenye ladha ya kahawa hutoka kwa kampuni ya Drew Estate, Estelí, Nicaragua. Kinachozitenganisha zaidi ni jani la nje.

Dulce imevikwa jani jembamba la rangi ya hudhurungi hafifu. Moshi wake ni laini, mtamutamu, karibu na kahawa ya maziwa. Jani hilo likikauka hupasuka upesi, hasa ukikata kichwa, yaani ncha ya mdomoni, kwa kina. Milimita 2 zinatosha.

Negra ina jani la Broadleaf, aina ya tumbaku yenye majani mapana, kutoka Connecticut, Marekani: nene, jeusi, lenye mafuta. Hapa ladha ni kahawa chungu, kakao na udongo, na tumbaku yenyewe inasikika, jambo ambalo kwenye Dulce hufunikwa na utamu. Jani nene huchelewa kushika moto, kwa hiyo zungusha ncha juu ya mwali bila kuigusisha mpaka iwake pande zote. Ukiharakisha, itaungua upande mmoja.

Zote mbili, vuta mara moja kwa dakika, moshi uishie mdomoni. Ukizidisha, sigaa hupata joto, na kahawa hugeuka masizi. Zihifadhi peke yake kwenye unyevu wa takriban asilimia 65, maana harufu yake huambukiza sigaa nyingine.

Ukipenda kahawa isiyo na sukari, chagua Negra.