Uzoefu wangu na Beretta Silver Pigeon geji 20 kwa kuwinda kwale na tombo

Wadau, hii ni ya wale wanaotembea porini kutwa nzima kufuata kwale na tombo, sio wale wa kukaa sehemu moja wakisubiri bata wapite juu, hizo ni kazi mbili na kila moja ina bunduki yake. Mi natumia Beretta 686 Silver Pigeon geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, namba ikipanda mtutu unakuwa mwembamba), mitutu miwili mmoja juu ya mwingine. Kabla yake nilikuwa na semi-otomatiki ya geji 12, ilikuwa inapiga fresh tu, tatizo uzito, ikifika mchana mikono imeshachoka, ndege anaruka na bunduki bado iko kiunoni. Na kwale hakupi muda jamani, analipuka kwenye nyasi karibu na miguu yako kwa kishindo cha mbawa, ukija kushtuka ashafika mbali. Kwa hiyo bunduki inayowahi kupanda begani itakupa ndege wengi kuliko ile yenye marisau mengi (zile chembe ndogo zinazotoka kwenye risasi moja). Hii yangu haifiki kilo 3 na ni nyembamba pale katikati, unaishika kwa mkono mmoja unatembea nayo freshi.

Watu wengi wanauliza geji kwanza, mi nasema uliza kitako, ile sehemu ya nyuma inayokaa begani. Hakikisha haina risasi kabisa, fumba macho, ipandishe begani kama unavyopandisha siku zote, halafu fumbua. Jicho linatakiwa likute reli ya mtutu imenyooka mpaka kwenye ile shanga ya mbele. Ukiona chuma cha nyuma tu kimekuziba basi kitako kiko chini sana kwako, ukiona reli yote imeinuka kama kilima kiko juu mno. Bunduki ya marisau hulengi kama raifo, unamtazama ndege na jicho lako ndo linafanya kazi ya saiti ya nyuma, kitako kikikosea na jicho linakosea. Yangu ilikuwa ndefu, ilikuwa inanasa kwenye koti, fundi akapunguza kama sentimita moja na ikakaa.

Choki, yaani mbano wa mdomo wa mtutu unaoamua marisau yatawanyike kiasi gani, nimefunga robo mtutu wa chini na nusu mtutu wa juu. Naanza na wa chini maana ndege bado yuko karibu na unataka marisau yatawanyike, ukimkosa ashasogea, ndo wa juu uliobana kidogo unamfuata. Choki ya kubana kabisa kwa ndege wa karibu sioni maana yake, ukimpata unaokota manyoya tu, hakuna nyama.

Sasa risasi. Tombo nampiga na namba 7½, kwale mkubwa namba 6, uzito wa marisau gramu 24 mpaka 28. Kwa wageni, namba ikipanda chembe inapungua, kwa namba za Kimarekani 7½ ina kama milimita 2.4 na 6 ina 2.8, kwa hiyo gramu 28 za 7½ zinakupa chembe kama 350 na za 6 kama 225. Zile magnamu za milimita 76 (risasi ndefu zenye nguvu zaidi) chemba, yaani pale risasi inapokaa mtutuni, inazipokea ila kwenye bunduki nyepesi hivi zinapiga teke la hatari na mtutu wa pili unachelewa, mi sizitaki.

Kujua marisau yanatawanyika vipi usiamini boksi la risasi, bandika karatasi kubwa, piga kutoka mita 30, kisha chora duara la sentimita 75 pale palipojaa matundu. Kuna risasi moja rahisi nilijaribu ilikuwa inaacha mapengo ambayo tombo anapita na familia yake yote, nikahamia zenye marisau magumu yaliyochanganywa antimoni, hayabondeki mtutuni kirahisi kwa hiyo yanaenda pamoja, mapengo yakapungua sana.

Halafu kama nyumbani kuna geji 12 pia, risasi za 20 zisikae mfuko mmoja nazo hata dakika moja!! Ya 20 ikiingia kwenye mtutu wa 12 inateleza mbele na kukwama, mtu anaona chemba tupu anapakia ya 12, akifyatua mtutu unapasuka. Ndo maana maganda ya 20 ni ya njano.

Kasoro zake, sefti (swichi ya kuzuia isifyatuke) ndo hiyo hiyo ya kuchagua mtutu na kaswichi kenyewe kadogo, ukiwa na glavu unahangaika. Pia kwa wepesi wake ukizembea kuendelea kuizungusha kumfuata ndege inasimama na marisau yanapita nyuma yake. Na kama unakowinda wamekataza marisau ya madini ya risasi (lead), basi ya chuma ni mepesi, inabidi upande saizi mbili, mfano 6 inakuwa 4, na ganda la 20 halina nafasi ya kutosha kwa chembe kubwa hivyo. Hapo chukua 12 tu.