Git kwenye kazi ya kumerji: nimekaa nayo miaka mingi, nyota nne kati ya tano

Naanza na nyota maana najua wengine mnasoma hapo tu: nne kati ya tano. Na siongelei Git nzima (Git ni chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, yaani maandishi ya programu), naongelea kazi moja, ile ya kuchukua kazi za watu watano sita ambao wiki nzima kila mtu alikuwa anaandika kivyake, alafu zote ziingie kwenye tawi kuu moja (tawi ni mstari wa kazi unaoenda kivyake) na bado programu iwake. Kumerji. Mengine ya Git, kusevu komiti (hifadhi moja ya mabadiliko), kuangalia historia, kuweka tegi (jina la kubandika kwenye toleo), yanafanya kazi vizuri na sina la kuongeza.

Ili mnielewe ninavyoipima inabidi mjue nilikotoka. Mradi wangu wa kwanza ulikuwa kwenye Subversion, chombo kingine cha kazi hiihii, tena kabla ya toleo 1.5 la 2008, yaani kipindi ambacho Subversion yenyewe ilikuwa haikumbuki nini kimeshamerjiwa na nini bado. Kukumbuka ilikuwa kazi yetu. Tulikuwa na daftari, daftari kabisa la karatasi, linakaa pembeni ya kompyuta moja, mtu akimerji anaandika namba za mabadiliko, "1412 hadi 1467 imeingia", jina lake na tarehe. Siku moja mwenzetu akamerji jioni akaondoka bila kuandika, asubuhi mimi nikaanzia namba niliyoikuta kwenye daftari nikaingiza vitu ambavyo tayari vipo, na konflikti (pale chombo kinaposhindwa kuamua kipi kibaki) zilizotoka hapo zilikuwa ni msimbo unagombana na msimbo uleule, pande mbili zinakaribia kufanana herufi kwa herufi. Ilinichukua mpaka mchana kusafisha. Baada ya hapo timu nzima ikawa inaogopa kumerji, na ukiogopa unachelewesha, na ukichelewesha tofauti zinarundikana, siku ukija kumerji ndo inakuwa ngumu kweli na unaogopa zaidi.

Git yenyewe imetoka kwenye shida ya namna hii. Mwaka 2005 watengenezaji wa kernel ya Linux (kiini cha mfumo wa Linux) walipoteza nafasi ya kutumia bure BitKeeper, chombo chao cha kutunza matoleo, Linus Torvalds aliyeanzisha Linux akakaa akaandika chombo chake, alianza tarehe 3 Aprili na tarehe 18 mwezi uleule ikafanya merji yake ya kwanza ya matawi kadhaa. Siku 15. Julai akamkabidhi Junio Hamano ambaye ndo amekuwa msimamizi wake miaka yote iliyofuata. Nayataja haya kwa sababu ukijua kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya watu wengi ambao hawajawahi kuonana, kila mmoja anatuma kipande chake, unaelewa kwa nini kumerji humo ndani ni jambo la sekunde na sio shughuli ya kutengewa siku.

Inavyofanya sasa. Ikimerji haiangalii matoleo mawili, inaangalia matatu: lako, la mwenzako, na lile la mwisho mlilokuwa nalo pamoja kabla kila mtu hajaenda njia yake, mimi naliita mzizi. Mstari ukiwa umebadilika upande mmoja tu, inachukua ule uliobadilika, haikuulizi. Ukibadilika pande zote mbili kwa namna moja, inachukua hivyohivyo. Ukibadilika pande zote kwa namna tofauti ndo inasimama inakuita. Na mzizi inautafuta yenyewe, maana kila komiti inabeba kumbukumbu ya mzazi wake na komiti ya merji inabeba wazazi wawili, kwahiyo lile daftari letu la karatasi limo ndani ya historia yenyewe na hamna mtu wa kusahau kuandika. Kwa mtu aliyepitia ile asubuhi yangu, hii peke yake inatosha nyota mbili.

Nyota ya tatu inaenda kwenye kitu ambacho naona wengi hawajakiwasha. Kawaida ukipata konflikti Git inakuonyesha pande mbili tu, hivi (HEAD ni upande wangu, safisha-namba ni tawi la mwenzangu):

<<<<<<< HEAD
tuma(ujumbe, namba, 30)
=======
tuma(ujumbe, namba_safi)
>>>>>>> safisha-namba

Sasa hapo niambie jibu. Ile 30 mimi nimeiongeza au mwenzangu ameifuta? Huwezi kujua. Ukichukua ya juu umepoteza kazi yake, ukichukua ya chini umepoteza ya kwangu, na watu wengi wakichoka wanachagua upande mmoja wanaendelea, alafu baada ya wiki mbili mtu anauliza mbona kile kitu nilichorekebisha kimerudi. Lakini ukienda kwenye taminali ukaandika git config --global merge.conflictStyle zdiff3, konflikti ileile inakuja na mzizi katikati:

<<<<<<< HEAD
tuma(ujumbe, namba, 30)
||||||| mzizi
tuma(ujumbe, namba)
=======
tuma(ujumbe, namba_safi)
>>>>>>> safisha-namba

Sasa inajisomea yenyewe. Zamani kulikuwa na ujumbe na namba tu, mimi nikaongeza sekunde 30 za kusubiri majibu, mwenzangu akabadilisha namba iwe ile iliyosafishwa. Jibu ni tuma(ujumbe, namba_safi, 30), hamna aliyepoteza. (Kwenye mashine yako pale nilipoandika mzizi itatokea namba ya komiti, ni kitu kilekile.) zdiff3 imekuja na Git 2.35 ya Januari 2022, kama una toleo la zamani zaidi weka diff3, ipo siku nyingi na inafanya karibu kazi hiyohiyo ila inakuonyesha mistari mingi zaidi hata ile mnayokubaliana. Kwangu hii ndo ingekuwa staili ya kawaida inayokuja na Git bila mtu kuseti, na nasikitika kwamba sio, kwa sababu mtu mpya anayekutana na konflikti yake ya kwanza ndo anaihitaji kuliko sisi, na yeye ndo hajui kama ipo.

Kasi pia, tokea 2.34 ya Novemba 2021 wameweka mashine mpya ya kumerji inaitwa ort ndo inatumika bila kuiomba. Sisi tuliwahi kubadilisha jina la folda kubwa wakati matawi matatu ya watu bado yanaandika kwenye jina la zamani, na kazi zao zikaingia zenyewe kwenye folda mpya. Nilikaa nikiangalia skrini nisubiri balaa, halikuja.

Upande wa ribesi, yaani kuzipanga upya komiti zako juu ya tawi lingine badala ya kumerji. Watu wanabishana sana kama umerji au ufanye ribesi, mimi msimamo wangu ni kwamba tawi ambalo ni langu peke yangu nalifanyia ribesi kila asubuhi juu ya tawi kuu ili lisiachwe mbali, na tawi ambalo mtu mwingine ameshalivuta siligusi historia yake. Basi. Na ukipushi (kupeleka kazi yako kwenye seva ya pamoja) baada ya ribesi tumia --force-with-lease, sio --force tupu, maana ile ya kwanza inakataa kama kuna mtu kapushi kitu ambacho wewe hujakiona na ile ya pili inafuta tu.

Lakini kuna kitu kwenye ribesi ambacho kinaniudhi mpaka leo na ndo mwanzo wa nyota niliyoitoa. Ukiwa kwenye merji ya kawaida, --ours ni tawi lako na --theirs ni la mwenzako, sawa. Ukiwa kwenye ribesi yanageuka. --ours inakuwa lile tawi unaloliendea na --theirs ndo kazi yako mwenyewe, kwa sababu ribesi inasimama kwanza juu ya tawi kuu alafu inazileta komiti zako moja moja kama vile wewe ndo mgeni. Ukielezwa inaeleweka. Ila usiku ukiwa na konflikti kwenye faili kumi na mbili hamna anayekueleza, unaandika --ours ukiwa na imani unatunza kazi yako. Mimi nilifanya hivyo, nikapushi, asubuhi naangalia tawi langu kazi ya siku mbili haimo.

Kilichoniokoa ni git reflog, kumbukumbu ya ndani ya mashine yako, na hapa naipa Git heshima yake yote. Reflog inaweka kila mahali tawi lako lilipowahi kusimama, kwa kawaida siku 90, na hata komiti ambazo hakuna tawi linalozifikia tena zinakaa siku 30 humo. Nikashuka kwenye orodha nikaona mstari wa kabla ribesi haijaanza, nikairudia ile komiti, kazi yote ikasimama kama ilivyokuwa jana yake mchana. Ukishakomiti, kuipoteza kazi kabisa ni kazi ngumu sana. Ambacho hujakomiti hakina wa kukusaidia, kwahiyo komiti kabla hujaanza merji yoyote, hata kama ni kazi nusu, na ikianza kuharibika katikati kuna git merge --abort na git rebase --abort, zinakurudisha mlangoni.

Sasa kubwa lenyewe. Git inaunganisha mistari. Haijui maana. Na merji inayoumiza sio ile yenye konflikti, maana ile inakusimamisha, inayoumiza ni ile inayopita kimya.

Mnaikumbuka ile 30. Miezi kadhaa baadae mwenzangu aliibadilisha fanksheni ya kutuma ipokee milisekunde badala ya sekunde, na alikuwa makini kweli, akapitia kila faili iliyokuwa inaiita akaandika 30000. Wiki hiyohiyo mimi kwenye tawi langu nilikuwa naandika faili jipya la kuwakumbusha watu kubadilisha nywila, na humo naita tuma na 30, kwa sababu kwangu bado ni sekunde. Yeye hakugusa faili langu, halikuwepo. Mimi sikugusa fanksheni yake. Kwa Git hakuna mstari hata mmoja uliogombana, merji ikapita safi, testi zangu (majaribio ya kuangalia programu) zilikuwa zimepita kwenye tawi langu, zake zimepita kwenye tawi lake. Ikaenda hewani. Programu ikawa inasubiri majibu milisekunde 30, inaona kimya, inahesabu imeshindwa, inatuma tena. Watu wakaanza kupata ujumbe uleule mara tatu, mara nne.

Tukakaa na git bisect. Hii unaipa komiti unayojua ilikuwa nzima na unayojua ni mbovu, inakatakata katikati, wewe kila hatua unajaribu unaiambia nzima au mbovu. Tulikuwa na karibu komiti 200, zikaisha kwa hatua 8. Na jibu lililotoka lilikuwa komiti ya merji yenyewe. Mzazi wa kwanza mzima. Mzazi wa pili mzima. Ubovu umezaliwa hapo walipokutana, na kwenye historia hamna mstari hata mmoja unaoweza kuusonta ukasema huu hapa ulikosewa, kwa sababu wote wawili tuliandika kitu sahihi kwa jinsi kila mmoja alivyoijua fanksheni siku ile.

Siwezi kuidai Git ielewe milisekunde. Lakini neno lake la kufaulu linadanganya moyo, unaona "Merge made by the 'ort' strategy" unapumua, wakati kilichofaulu ni kupanga mistari tu. Tulichobadilisha sisi ni kwamba testi hazikimbizwi kwenye tawi la mtu tena peke yake, zinakimbizwa kwenye matokeo ya tawi hilo likishaunganishwa na tawi kuu la dakika hiyo, na tawi kuu likisogea kabla hujaingia unarudia. Na tawi likikaa zaidi ya siku tatu bila kuingia tunaulizana kuna nini. Zamani nilikuwa naona matawi ya wiki tatu ni kawaida, saa hizi nikiliona najisikia vibaya kwa niaba ya atakayelimerji.

Vingine haraka. Picha na faili za jedwali kama za Excel hazimerjiki, itabidi uchague moja, kwahiyo kubalianeni mapema nani anazigusa. rerere (kipengele cha Git) iwasheni, inakumbuka ulivyotatua konflikti ili ikija ileile itatue yenyewe. Na amri ya checkout ilikuwa imebebeshwa kazi nyingi mno, toka 2.23 ya 2019 kuna switch (kuhama tawi) na restore (kurudisha faili), wafundisheni wapya hizo.

Cha mwisho kwenye nyota niliyotoa: kurudisha nyuma merji. Siku ile ya ujumbe mara nne tuliitoa merji yangu haraka kwa git revert -m 1 (inaweka komiti mpya inayofuta mabadiliko ya merji na kubakiza upande wa tawi kuu), ikatoka vizuri, tukarekebisha kwenye tawi, tukamerji tena. Kazi za mwanzo za tawi hazikurudi. Kwa Git zile komiti za mwanzo tayari zimo kwenye historia, na revert imefuta mistari yao lakini haijafuta kuwepo kwao, kwahiyo haizirudishi. Dawa ni kuifanyia revert ile revert kwanza, ndo umerji rekebisho. Inafuata mantiki, hata nyaraka zao zinaeleza, ila amri yenyewe ilipomaliza haikutuambia neno. Toka siku ile mtu kwetu akirevati merji anaandika kwenye ujumbe wa komiti, mstari wa kwanza kabisa: msimerji tena tawi hili kabla ya kuirevati hii.