Peva za kompaundi: zipi za kununua, na kwa nini nyingi zinachakaa mapema

Tangu mvua za Machi zianze meseji za peva, yaani matofali ya zege ya kutandaza uani, hazikatiki. Mmoja wa Kira, huku Uganda, anasema kila akifagia kompaundi anazoa unga wa kijivu, mwingine wa Mbale peva zake zimemeguka kona zote na hapo inaingia gari ndogo tu. Wote wanauliza, ninunue zipi? Rangi na muundo sigusi, hayo muuzaji atakuonyesha mpaka uchoke. Mimi swali langu la kwanza ni moja tu, zilimwagiliwa maji siku ngapi.

Maana hapo ndipo peva nyingi za huku zinapoharibikia. Simenti inashika kwa maji, haishiki kwa jua. Peva ikitoka kwenye mashine ikaanikwa wazi, ngozi ya juu inakauka kabla simenti haijamaliza kazi, inabaki laini, na ngozi hiyohiyo ndiyo inakanyagwa, ndiyo inasuguliwa na tairi, ndiyo inapigwa na maji ya bati kila mvua ikinyesha. Inaanza na vumbi, halafu kokoto zinachungulia, kisha kona zinaondoka. Inatakiwa ikae na unyevu angalau siku 7 chini ya magunia au turubai, na nguvu yake inapimwa siku ya 28. Sasa nenda yadi za barabarani zinakofyatuliwa uulize hizi ni za lini, utasikia "zimekauka nyabo (yaani mama), pakia tu". Zimekauka ndiyo, na hilo ndilo tatizo lenyewe!

Kwa hiyo ukifika yadi tafuta kwanza tangi la maji na mpira. Kama chini ya marundo ardhi ni vumbi tupu, ondoka. Kwaruza uso wa peva na msumari, nzuri inabaki na mstari mwembamba tu, mbovu inatoa unga mpaka unajaa kwenye kucha. Mwagia maji kidogo, yakinywewa papo hapo ujue ina matundu mengi. Ule weupe kama chumvi unaojitokeza baada ya mvua usikutishe, ni chokaa ya simenti inatoka na maji, inaisha yenyewe polepole.

Sasa nazipanga hivi.

Ya kwanza ni peva ya unene wa milimita 80, ya mashine inayobana na kutikisa, simenti ya Tororo 42.5 (hiyo ni namba ya nguvu ya simenti, 32.5 ni dhaifu zaidi). Mimi ni mtu wa simenti ya Tororo na sifichi, yadi ninazoziamini zinaitumia na peva zao hazijaniangusha. Simenti ya Hima nayo sina neno nayo, ukikuta ya 42.5 chukua. Kama fuso litaingia kwako usishuke chini ya hii.

Ya pili ni hiyohiyo lakini milimita 60. Kwa nyumba yenye gari ndogo inatosha kabisa, ila fundi ashindilie chini vizuri na aweke kerbu pembeni, yaani mawe ya zege ya kuzuia ukingo, bila kerbu mchanga unaondoka na maji na peva zinaanza kucheza.

Ya tatu ni slabu kubwa za milimita 600 kwa 600. Nyingi zinamwagwa na zege lenye maji mengi, maji yakiondoka yanaacha matundu, na slabu pana ikikaa juu ya shimo hata dogo inapasuka katikati. Njia ya bustanini sawa, gari hapana.

Za mwisho ni zile za molda (kalibu) za plastiki za mkono. Bei rahisi, ndiyo. Njia ya kwenda bafuni, basi.

Na wauzaji wananiudhi. Unatajiwa bei ya skwea mita, ukikubali ndipo kupakia, usafiri, mchanga na kerbu vinaanza kutajwa kimoja kimoja. Peva za milimita 200 kwa 100 zinaingia 50 kwenye skwea mita, zihesabu zikishuka kwenye lori, usikubali kukadiriwa kwa macho. Unalipishwa bei ya 42.5 wakati stoo imejaa mifuko ya 32.5, chungulia mwenyewe, namba imeandikwa kwenye mfuko. Na tarehe ya kufyatua iandikwe kwenye risiti. Muuzaji mmoja nilipomwomba hivyo aliniuliza kama natoka serikalini. Akikataa kuandika mwachie peva zake, yadi ziko nyingi.