AudioMoth kwa utafiti wa shahada ya kwanza: kinasa sauti kizuri, ila chunga saa

Anayetaka kufanya utafiti wa mwaka wa mwisho juu ya ndege, popo au komba hukutana na kikwazo kilekile: wanyama wenyewe wanaamka usiku au alfajiri, na msimamizi hawezi kukuruhusu ulale msituni mwezi mzima. Kinasa sauti cha kuacha porini ndiyo njia. Vile vya kampuni kubwa, kama Song Meter, huuzwa kwa mamia ya dola kimoja. AudioMoth kiko chini sana ya hapo, ndiyo maana kimeenea vyuoni.

Ukikifungua usishangae. Ni bodi ya saketi tupu, inayozidi kiberiti kidogo, yenye kishikio cha betri tatu za AA mgongoni, tundu la kadi ya microSD, tundu la micro-USB, taa mbili (kijani na nyekundu) na swichi ndogo ya nafasi tatu. Hakina kioo, hakina kitufe cha kurekodi, na hakina kasha. Kasha lisiloingiza maji linauzwa peke yake. Kila kitu hupangwa kwenye kompyuta kwa programu ya bure, kisha bodi inabebwa porini. Waya wa USB uwe wa data. Nyaya nyingi za simu za bei poa zinapitisha chaji tu. Ukitumia huo, programu itakaa kimya kana kwamba bodi imekufa.

Sasa saa. Bila kubadilisha mpangilio, AudioMoth hufuata saa za UTC (saa ya kimataifa), zilizo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Sisi tuna pia saa zetu za Kiswahili, kwa hiyo mkanganyiko ni wa ngazi mbili. Chukua mfano wa ndege wa alfajiri, saa 11 alfajiri hadi saa 1 asubuhi. Kwa saa ya simu ni 05:00 hadi 07:00. Kwa UTC ni 02:00 hadi 04:00. Mwanafunzi aliyeandika 05:00 bila kufikiri ataanza kurekodi saa 2 asubuhi, ndege wameshatulia. Aliyeandika 11:00 kwa sababu kichwani ana "saa kumi na moja" atarekodi saa 8 mchana, na atapata nyenje watupu. Programu inaruhusu kuonyesha saa za kwenu badala ya UTC: chagua mfumo mmoja, uandike juu ya kasha kwa kalamu isiyofutika, usiubadilishe hadi utafiti uishe. Majina ya faili yanabeba tarehe na saa (kwa mfano 20250314_160000.WAV, yaani saa 1 jioni kwetu ikiwa ni UTC), kwa hiyo kosa hili likiingia linakufuata hadi kwenye jedwali la matokeo.

Usitegemee pia kwamba saa itabaki sahihi ukibadilisha betri. Kila ukiweka betri mpya, panga saa upya, ama kwa kompyuta, ama kwa programu ya simu inayotuma saa kwa mlio ambao bodi inausikia yenyewe. Hiyo ya mlio ni ufundi wa kupendeza, na inakuokoa kubeba kompyuta msituni.

Kwa ndege, weka sampuli (mara ambazo kinasa hupima sauti) 48,000 kwa sekunde. Si lazima zaidi, na BirdNET, programu ya kutambua ndege kwa sauti, inafanya kazi kwa kiwango hichohicho ikikata sauti vipande vya sekunde tatu. Dakika moja inakula megabaiti 5.76. Ukirekodi dakika moja katika kila kumi, mchana na usiku, unatumia takriban megabaiti 830 kwa siku, na kadi ya gigabaiti 32 inafika siku 38. Ukirekodi mfululizo, kadi hiyohiyo haimalizi siku ya nne. Popo ni habari nyingine: milio ya wengi wao iko juu ya uwezo wa sikio, na kinasa hunasa masafa hadi nusu tu ya kiwango cha sampuli. Weka 250,000, upate hadi kilohezi 125. Gharama yake ni megabaiti 30 kwa dakika; saa nne za usiku mmoja ni gigabaiti 7.2.

Hapo kadi feki inaumbua. Kadi iliyoandikwa 32 lakini ndani ina 8 hupokea faili zote bila kulalamika, kisha nyingi hazifunguki. Ijaze na uisome upya kwa H2testw au F3, programu za kupima kadi, kabla ya kuipeleka popote.

Kasha rasmi lina utando unaopitisha sauti na kuzuia maji, na lina thamani ya pesa yake. Mfuko wa plastiki wa kubana midomo unafaa kwa ndege ikiwa umevutwa ukabana mbele ya tundu la kipaza sauti. Ukiachwa legelege utarekodi upepo na plastiki ikipigapiga. Kwa popo nisingeutumia, kwa sababu plastiki inameza masafa ya juu. Weka pakiti ya kunyonya unyevu ndani, na funga kwenye shina jembamba ili shina lisizibe sauti za nyuma.

Kabla ya kuondoka, sukuma swichi kwenye DEFAULT, ambayo huanza kurekodi papo hapo. Piga makofi, tamka jina la eneo, tarehe na saa, zima, sikiliza. Ndipo uweke CUSTOM, inayofuata ratiba. Taa ya kijani ikimulika mara moja moja inasubiri zamu, nyekundu inaandika.

Udhaifu wake? Kina kipaza sauti kimoja tu, kwa hiyo hujui mlio umetoka wapi, na milio kumi inaweza kuwa ya mnyama mmoja: hesabu milio, usihesabu wanyama. BirdNET nayo inakosea zaidi kwa ndege wa misitu yetu kuliko wa Ulaya. Sikiliza mwenyewe sehemu ya majibu ya kila spishi. Komba ndio wanaokifaa kabisa. Spishi za komba wadogo wa misitu ya pwani, kama yule wa Rondo anayepatikana pia Pugu, zinafanana kwa macho lakini zinatofautiana kwa mlio. Kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kiwe mkononi, na kama njia ya watu iko jirani waambie wanakijiji, maana kitanasa na maongezi yao.

Hela ikitosha kimoja tu, usiandike swali la kulinganisha maeneo mawili. Kukihamisha wiki hadi wiki kunachanganya tofauti ya eneo na tofauti ya mvua. Linganisha saa za usiku mahali pamoja.